Elfu Sita Hivi

Jumamosi asubuhi, kwenye mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi, hakuna anayetembea kwa hiari yake. Unaingia, unasukumwa, unafika. Huku misumari inapimwa, kule rangi inakorogwa, na mashine ya kukatia vyuma inapiga kelele mpaka wauzaji wanataja bei kwa vidole. Katikati ya msukumano huo alikuwa akipita dada mmoja mwembamba, gauni la bluu la mikono mirefu, kitambaa cheupe kichwani, raba miguuni, na begani mabomba sita ya plastiki yaliyopasuliwa katikati kwa urefu wake wote.

Aligeuka kuuliza bei ya tepu. Mabomba nayo yakageuka.

“Yalaa!”

Kofia ya kaka aliyekuwa nyuma yake iliruka ikatua kwenye ndoo ya chokaa mbichi.

“Samahani kaka! Samahani sana, sikukuona.”

“Utanionaje na macho yako yapo upande wa pili?” Alikuwa amejishika kichwa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umekumbatia kopo kubwa la gundi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. “Dada, hayo mabomba yana leseni?”

Dada alitaka kuona aibu, kicheko kikamtangulia. “Nipe hiyo kofia nikaifue.”

“Subiri kwanza. Unajenga choo?”

“Hapana. Nalazia matope.”

“Unalazia nini?”

“Matope ya chini ya ziwa. Yanalazwa humu, yanafunikwa kitambaa chenye maji, halafu yanaingizwa kwenye jokofu.”

Kaka alimtazama kutoka kitambaa mpaka raba, akimtafuta kichaa asimwone. “Makubwa haya! Matope yako yana jokofu, na mimi maziwa yangu yanagandia mezani?”

“Na wewe gundi yote hiyo ni ya kunywa?”

“Nasuluhisha wanaoachana.”

“Akina nani?”

“Kurasa na majalada. Mimi fundi wa kujalidi vitabu. Biblia zilizochoka, vitabu vya nyimbo vilivyotafunwa na watoto, vyote vinaishia kwangu.”

Kofia ilifuliwa, lakini chokaa ilikwisha kuila, ikarudi kwa mwenyewe na madoa. Ili irudishwe ilibidi namba ya simu itolewe, na namba ya simu ikishatoka, jamani, mengine yanajiendea yenyewe. Kaka akamwita dada Matope, naye dada akamwita Gundi.

Gundi alipenda vitendawili kupita kiasi. Simu yake ilikuwa haianzi na salamu.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Nyumba yangu ina milango mia tano, na kila mlango unafunguka kwa kidole kimoja.”

“Kitabu! Hicho hata mtoto angekijua, laazizi. Pokea changu. Mzee kalala chini ya maji, na kila mwaka anafunikwa blanketi mbili.”

Gundi alifikiri mpaka salio likakaribia kuisha. “Nimeshindwa. Chukua mji.”

“Mji wa nani?”

“Mji wote, na masoko yake. Sasa niambie.”

“Ni ziwa. Kiangazi linajiwekea tabaka jeupe, mvua zikija linajiwekea tabaka jeusi. Nyembamba, unene wa ukucha. Ukihesabu jeupe moja na jeusi moja umehesabu mwaka mmoja. Ndiyo kazi yangu, mpenzi. Wenzangu walizamisha mrija katikati ya ziwa wakatoa matope bila kuyavuruga, tukayagawa kwenye mabomba kumi na mawili. Mimi nahesabu.”

“Umefika mwaka gani?”

“Bado nahesabu.”

Wakati huo ilikuwa kweli. Dada alikuwa Mkristo tangu utotoni, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya, na kabla ya kufungua kila bomba alikuwa akiinamisha kichwa na kushukuru. Hakuwahi kugombana na Mungu kwa sababu ya matope. Ugomvi aliouogopa ulikuwa wa watu.

Siku alipomaliza bomba la kumi na mbili, namba ilisimama kwenye elfu kumi na moja mia mbili na arobaini. Chini ya hapo mrija haukufika, lakini ziwa lilikuwa bado linaendelea. Aliiandika kwenye karatasi ya ukutani, akaweka tarehe na saini yake. Jioni hiyo Gundi alimpigia simu.

“Mama anataka kukuona, kipenzi. Vaa lile gauni la bluu.”

Mama yake Gundi alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na miwili. Alikuwa amestaafu, lakini saa yake ya kazini bado aliibandika kifuani kila asubuhi. Nyumba ilinukia sabuni. Vitambaa vya viti vilikuwa vimepigwa pasi mpaka mtu anaona haya kuvikalia.

“Shikamoo Mama.”

“Marahaba, binti yangu. Ndiye wewe uliyempiga mwanangu na bomba?”

“Ni mimi, Mama.”

“Vizuri. Alikuwa anahitaji.”

Chai ilinywewa, Gundi akachambwa kwa mambo yake ya utotoni mpaka akakimbilia jikoni. Ndipo Mama akaleta Biblia kubwa yenye jalada la ngozi nyeusi, kazi ya mwanawe enzi za kujifunza ufundi. Aliifungua kwenye Mwanzo, pale penye orodha ya nani alimzaa nani. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na mwandiko mdogo wa penseli: miaka ya kila mmoja, mstari, na jumla yake karibu kabisa na ukingo wa karatasi. Elfu tano mia tisa sabini na nne.

“Marehemu mume wangu alikuwa mwinjilisti,” Mama alisema, akipitisha kidole bila kugusa. “Alikaa jioni saba akijumlisha miaka ya dunia tangu Adamu mpaka leo. Kijana wangu ananiambia wewe nawe unahesabu miaka. Yeye alihesabu kwa majina, wewe kwa matope. Jumapili ya vijana uje utuambie kama mmekutana njiani.”

Dada aliitikia kwamba atakuja. Wakati Gundi anamsindikiza, alifungua mdomo aseme.

“Gundi, ile namba…”

“Unajua nini, mpenzi? Tangu Baba afariki sijamwona Mama anacheka vile.”

“Anacheka vizuri,” dada akasema.

Jumapili ya vijana kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi. Dada alikuja na gauni jipya la rangi ya zabibu, na bomba moja limefunikwa kitambaa kibichi. Alipolifunua, watu walisimama kwenye mabenchi kuona. Mistari myeupe na myeusi ilikuwa imejipanga kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Akaeleza kiangazi, akaeleza mvua, watu wakacheka aliposema ziwa linatandika kitanda kila mwaka na wala halikilalii. Alikuwa anaongea vizuri. Kwenye benchi la mbele Gundi alikuwa akimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyemjalidi.

Mama alisimama, Biblia nyeusi mkononi.

“Mwanangu, nina swali moja tu. Mabomba yote kumi na mawili ukiyajumlisha, ni miaka mingapi?”

Dada aliitazama ile Biblia, imefunguliwa palepale, kidole cha Mama kimewekwa kwenye penseli.

“Elfu sita hivi,” alisema. “Inakaribia elfu sita.”

Jamani, vigelegele! Mchungaji alipiga makofi juu ya kichwa chake. Mama aliketi akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Dada akalifunika bomba haraka haraka, maana ile mistari ilikuwa kama inamtazama. Kwaya iliposimama, naye alisimama. Akawa anafuatisha maneno kwa midomo tu, uso unawaka, jasho linamtiririka mgongoni chini ya gauni jipya.

“Umetupandisha mbinguni leo!” Gundi alimnong'oneza mlangoni. “Mbona mikono yako ya baridi?”

“Nimechoka tu.”

Kesho yake sokoni mwanakwaya mmoja alimwita kutoka ng'ambo ya barabara: “Dada Elfu Sita! Mungu akubariki!” Jumatano wakamwita hivyo watatu. Wiki ikiisha, ndilo lilikuwa jina lake. Waliliita kwa upendo, na kila walipoliita alitamani ardhi ifunguke aingie, tabaka kwa tabaka, mpaka kule mrija ulikoishia.

Akaanza kujificha. Gundi akipiga simu, ana kazi. Akipiga tena, ana mafua.

“Kitendawili!”

“Nakusikia.”

“Sema tega basi, laazizi.”

“Sina akili ya vitendawili leo, Gundi.”

“Nimekukosea nini?”

“Hujanikosea.”

“Kuna mtu?”

“Hakuna mtu.”

“Basi njoo.”

“Nina kazi.”

Mwanamume akiambiwa hakuna mtu mara tatu, mara ya nne anamwona huyo mtu. Gundi alimpa sura, akampa shati, akampa hata gari. Kisha akashona daftari zuri la jalada la bluu, rangi ya lile gauni la siku ya kwanza, akalifunga kwenye karatasi, akaenda nalo kazini kwa Matope bila kuaga.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye baridi, majokofu yakinguruma ukutani. Dada hakuwepo mezani. Alimkuta mama mmoja mnene mchangamfu, fundi wa majokofu, anayesifia kila kitu.

“Wewe ndiye Gundi! Tumekusikia! Njoo uone kazi ya mwenzio. Elfu kumi na moja mia mbili na arobaini, kwa jicho na lenzi! Hapa hajatokea mwingine.”

“Elfu ngapi?”

“Soma mwenyewe.”

Karatasi ilikuwa ukutani. Namba, saini, na tarehe: wiki tatu kabla ya Jumapili ya vijana.

Dada aliingia akiwa na ndoo ya maji mkononi. Alimwona Gundi, akaona anapotazama, akaiweka ndoo chini polepole.

“Hii saini ya nani?”

“Yangu.”

“Kwa hiyo siku ile ulikuwa unaijua.”

“Nilikuwa naijua.”

“Ukamtazama mama yangu machoni.”

“Machoni nisingeweza. Nilitazama Biblia.”

“Ulituona watoto wa kutulizwa na peremende, sivyo? Wajinga wa Jumapili. Wape elfu sita wanyamaze!”

“Niliogopa kukupoteza, Gundi.”

“Na Mungu wetu ulimwonaje? Mdogo hivyo, kwamba namba moja ikimgonga anavunjika?”

Hilo ndilo swali dada alilokuwa akijiuliza mwenyewe kila akipiga magoti. Gundi akatoka na daftari lake, alisahau hata kwamba alikuwa amekuja kulitoa zawadi.

“Nimeharibu nini, jamani?” fundi wa majokofu akauliza.

“Hujaharibu, dada yangu. Umesoma tu kilichoandikwa.”

Wiki tatu simu zote mbili zilikuwa bubu. Dada aliketi benchi la nyuma kanisani, akatoka kabla ya sala ya mwisho. Gundi alijichoma sindano ya kushonea kurasa mara nyingi kuliko mwaka mzima uliopita. Mama aliwatazama wote wawili, yule wa nyuma na yule wa mbele. Siku moja akachukua simu.

“Binti, umenisusa?”

“Hapana, Mama. Nisingethubutu.”

“Basi Jumapili mchana njoo. Nataka uiandike ile namba yako chini ya ya marehemu, kwa mkono wako. Kalamu ya wino ninayo. Watakaokuja baada yangu wazikute zote mbili.”

Uongo wa mdomoni hupepea na upepo, watu wakasahau, ndivyo dada alivyokuwa akijipa moyo. Sasa ulitaka kuingia ndani ya Biblia kwa wino.

Alipofika, Gundi alikuwepo, ameitwa kwa kisingizio cha rafu iliyolegea. Alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi, hakumsalimia. Mama aliifungua Biblia juu ya meza, akaweka kalamu pembeni, akavaa miwani yake.

“Andika hapa. Elfu sita.”

Dada alishika kalamu. Aliishusha mpaka karibu na karatasi. Akaogopa tone lisianguke, akairudisha kalamu mezani na kupiga magoti sakafuni.

“Mama, siwezi. Niliwadanganya. Si elfu sita. Ni elfu kumi na moja mia mbili na arobaini, na nilikuwa naijua nikiwa nimesimama pale mbele. Niliona kidole chako kwenye ile penseli, nikaogopa.”

Mama aliichukua kalamu akaifunika.

“Mwambie lililobaki,” Gundi akasema. “Mwambie ulituona wajinga.”

“Wewe umeulizwa?” Mama hakugeuka. “Mbona unapiga kelele kama mtu mwenye lake?”

Bisibisi ilishuka. Gundi alitazama ukurasa, akatazama rafu, akarudi kwenye ukurasa.

“Ninalo,” akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. “Mama, unaikumbuka siku niliyokuletea hiyo Biblia imejalidiwa? Nilikuwa mwaka wa kwanza wa kujifunza. Niliiweka kwenye mashine ya kukatia karatasi ili kingo zinyooke. Sikuangalia kama kuna mwandiko. Nilipofungua nikakuta mkia wa penseli umekatwa, hapo mwisho wa namba. Kulikuwa na kitu pale, nami nilikuwa nimeshakifagia. Miaka tisa sijakwambia.”

“Najua.”

“Unajua?”

“Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa naye akiandika. Baada ya namba baba yako aliweka alama ya kuuliza. Kubwa, kama ndoana ya samaki. Biblia iliporudi, haikuwepo.”

“Mbona hukusema, Mama?”

Mama alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

“Mwanzoni nilikuhurumia. Ulikuwa umeifurahia sana ile ngozi. Halafu… ikanifaa. Watu wakibishana, nafungua, naonyesha: elfu tano mia tisa sabini na nne, marehemu kasema. Marehemu hakusema kitu. Marehemu aliuliza. Mimi nikajipatia jibu lililokatwa na mashine, nikatembea nalo kanisani miaka tisa, na siku ile nikamsimamisha mtoto wa watu mbele ya kanisa zima anithibitishie.”

Basi wakawa watatu wenye lao. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumwinulia mwenzake.

Mama ndiye aliyeanza. “Inuka, binti, magoti yako utayahitaji. Hebu nikuulize. Mimi nimepokea watoto miaka thelathini na miwili. Kila mama aliyekuja nilimhesabia wiki zake kwa vidole hivi, na kwa vidole hivi hivi nikamwombea. Unadhani yupo hata mmoja aliyeniambia, kwa kuwa umehesabu wiki, basi mtoto hakuumbwa na Mungu?”

“Hakuna, Mama.”

“Hakuna. Na mara ngapi nilikosea tarehe! Nasema mwezi huu, mtoto anakuja mwezi ule. Lakini nikikosea tarehe, baba wa mtoto anabaki yule yule.”

Gundi akacheka bila kutaka, akajizuia. Dada alicheka na machozi yakamtoka.

“Na zile siku sita za Mwanzo, Mama?” akauliza. “Nazisoma, naziamini, halafu nafungua bomba. Kwamba ameumba, hilo sikulihesabu, nimelipokea. Hii miaka sikuipokea, nimeihesabu. Sijui nazikalishaje pamoja.”

“Na mimi sijui. Marehemu angeweka ndoana yake hapo.” Mama akaifunga Biblia. “Lakini uongo wako hukuusemea sebuleni kwangu. Rudi ulikousemea. Nami nitakuwa mbele pale pale, nikiwa na wangu.”

Jumapili iliyofuata alisimama tena, gauni lile lile la rangi ya zabibu, maana aliona kuvaa lingine ni kujificha. Hakuwa na bomba. Alisema namba. Akasema, “Niliijua, na niliwadanganya.” Mama akasimama akasema la ndoana na la mashine. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mzee mmoja wa kanisa alichukua kofia yake akatoka, na viatu vyake vikasikika mpaka nje. Kisha msichana wa kwaya, yule yule wa “Dada Elfu Sita”, akanyoosha mkono.

“Sasa tukuamini lipi, dada?”

Lilimwingia kama sindano, kwa sababu halikuulizwa kwa ubaya.

“Msiniamini,” alisema. “Jumamosi njooni mhesabu wenyewe.”

Mchungaji alifumba macho, akasema tuombe. Katika sala hiyo ndefu aliwataja wagonjwa, wasafiri na wajane, yeye hakumtaja, na hilo lilimuuma kuliko kama angemtaja.

Jumamosi dada alipanga viti kumi na viwili maabara, na lenzi alizoazima kwa wenzake. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita. Aliwaza wanakwaya waliomwita ng'ambo ya barabara, akaanza kukusanya lenzi moja moja. Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa. Walikuwa wawili tu: Mama na saa yake kifuani, na Gundi nyuma yake, amevaa shati jeupe.

“Wengine?” dada akauliza.

“Wengine wanafikiri,” Mama akasema. “Waache. Nipe miwani yako hiyo kubwa.”

“Nipe bomba,” Gundi alisema.

Dada alimwonyesha. Jeupe na jeusi, moja. Jeupe na jeusi, mbili. Kila ukifika mia unachomeka pini ili usirudie. Ukipoteza hesabu unarudi kwenye pini ya mwisho na kuanza upya. Mama alifika mia tatu na arobaini kwenye bomba lake, kidevu kikamwangukia kifuani juu ya saa. Gundi aliendelea. Alikuwa na jicho la mtu anayehesabu mishono, na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Mchana uliingia, jua likahama kutoka meza moja hadi nyingine. Pini nane zilikuwa zimesimama mstarini.

Dada alikuwa amekaa mkabala naye. Alivumilia kadiri alivyoweza.

“Gundi.”

“Mia nane na tisa.”

“Gundi, umenisamehe?”

Kidole kikainuliwa juu, jicho halikubanduka kwenye lenzi. “Mia nane na kumi. Mia nane kumi na moja. Mia nane kumi na mbili…”

Akamngojesha miaka themanini na minane. Kiangazi, mvua. Kiangazi, mvua. Dada aliketi mikono imebanwa katikati ya magoti, akisikia kila mwaka ukipita, na haya zake zote zimeketi naye kwenye kiti kimoja. Hatimaye Gundi akachomeka pini ya tisa. Akaiweka lenzi mezani.

“Nilikusamehe siku ile ile uliporudisha kalamu,” alisema. “Ila nilikufokea kwa sauti kubwa ili la kwangu lisisikike. Hiyo ndiyo aibu niliyoshindwa kukupigia nayo simu. Mpenzi, mimi ni mtu anayekata pembeni bila kuangalia. Utakubali nikuoe hivyo hivyo?”

Dada alishika mdomo. “Nikikujibu sasa hivi utapoteza hesabu.”

Mama hakufumbua macho, wala kidevu hakukitoa kifuani.

“Mjibu,” alisema. “Namba nimeishika mimi. Mia tisa.”